Pweza wa kwenda Ulaya: anza na kiwanda, pweza baadaye

Kila mara hapa Nairobi mtu ananiambia nimepata wavuvi wa pweza Shimoni kule Pwani, nimepata mnunuzi Italia, sasa nifanyeje. Mimi swali langu ni moja tu, kiwanda kiko wapi? Pweza wa Ulaya lazima atoke kwa kiwanda chenye namba ya kibali na kiko kwa orodha ya Ulaya, na hapa kwetu wanaokagua na kutoa cheti cha afya ni Kenya Fisheries Service. Huwezi nunua ufukweni, ufunge kwa sanduku la barafu, ukimbie uwanja wa ndege wa JKIA. Kama huna kiwanda, na wengi hatuna, tafuta mwenye nacho mkubaliane akusafishie na kugandisha kwa bei ya kilo.

Halafu usinijie na chaza ama kome ati ni bei nzuri. Hao wa magamba mawili wanachuja maji, uchafu wa bahari unabaki ndani yao, ndio maana Ulaya wanataka mpaka maji yenyewe yawe na daraja na nchi iwe kwa orodha ya peke yake, kuwa kwa ile ya samaki haitoshi. Anza na pweza ama ngisi. Na wewe wa makombe ya urembo, lile kubwa la Tridacna liko CITES, mkataba wa dunia wa kulinda viumbe walio hatarini, bila kibali mzigo unabaki hapo hapo.

Kwa forodha namba ya pweza wa kugandishwa ni 0307.52. Invoisi, orodha ya mzigo na cheti cha afya zote ziseme jina moja la kisayansi, Octopus cyanea kama ndiye, na kilo zile zile. Omba KRA (watu wa ushuru) cheti cha EUR.1, kile cha kuonyesha mzigo ni wa Kenya, maana mkataba wa biashara wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza 1 Julai 2024 na mnunuzi wako hataki kulipa ushuru bure.

Kilo sasa! Mzigo wangu wa kwanza niliandika uzito pamoja na ile barafu tunampaka asikauke, mnunuzi akayeyusha, akapima, akakata pesa yangu na mpaka leo hajanipigia. Andika uzito wa nyama peke yake. Baridi iwe nyuzi -18 ama chini njia nzima, weka kile kidude cha kurekodi joto ndani ya kontena, wakikwambia pweza aliyeyuka unawaonyesha. Na deposit iingie kabla hujagandisha hata mmoja.