Mama yuko zamu ya usiku: ninavyowalaza watoto kwa kitabu na wimbo

Mke wangu ni muuguzi. Akipangiwa zamu ya usiku anaondoka saa kumi na mbili jioni, na mimi, fundi cherehani wa hapa Ngamiani, Tanga, nabaki na mabinti wawili. Mkubwa ana miaka minne, mdogo mwaka na nusu. Zamani nilikuwa nawalaza kwa kuwachosha: turushane kitandani, tukimbizane, nikijua wakichoka watalala wenyewe. Kuchoka walichoka, ila badala ya kulala wakawa wanalia. Saa tano usiku wote watatu tuko macho.

Siku hizi saa mbili na robo nyumba iko kimya.

Anza na saa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 alale saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mwaka 1 hadi 2 alale saa 11 hadi 14, na usingizi wa mchana umo humo. Mkubwa naye namwamsha saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya chekechea. Hesabu saa kumi kurudi nyuma, unaangukia saa mbili usiku. Basi saa moja na nusu, tukiwa tumeshakula na kuoga, nafunika cherehani na tunaingia ndani ya chandarua na taa ndogo ya sola. Kitabu kwanza, wimbo baadaye.

Kwenye kitabu nilikosea kwa kuchagua hadithi nzuri mno. Nilisimulia ile ya fisi aliyetaka kufuata njia mbili kwa mpigo mpaka akapasuka msamba. Mkubwa alicheka, halafu akaanza: alikufa? Damu ilitoka? Mwenzake yuko wapi? Usiku ule choo cha uani hakukanyaga mpaka nimsindikize na tochi. Tangu hapo fisi na sungura ni wa barazani, saa kumi jioni. Hata "Paukwa!" na "Pakawa!" nimeziacha hukohuko. Zile ni za kuchangamsha wasikilizaji, na mimi nataka walale.

Kitabu cha kulalia kiwe na sentensi moja au mbili kila ukurasa, maneno yanayojirudia, asiwepo anayefukuzwa wala anayepotea, na mwishoni mtu afike nyumbani. Kurasa kumi na mbili zinatosha. Wewe mwenyewe kikikuchosha, ujue umepata.

Vya dukani vikiwa ghali, kwenye intaneti kuna maktaba iitwayo African Storybook. Ina hadithi nyingi za Kiswahili, za bure, zimepangwa kwa ngazi, na leseni yake inakuruhusu kuchapa. Nachukua za ngazi ya kwanza au ya pili, nampelekea kijana wa duka la steshenari azichape pande mbili kwa mpangilio wa kijitabu, kisha nazishona mwenyewe. Ukiwa na cherehani nyumbani fanya hivi: kunja karatasi zote katikati, zifungue, weka juu yake kipande cha kitenge kiwe jalada, halafu pitisha mshono mmoja palepale kwenye mkunjo. Tumia sindano namba 16 na hatua ndefu kabisa ya mshono. Hatua zikiwa fupi, matundu yanasogeleana na karatasi inachanika kama stempu ya posta. Mwanzo na mwisho usirudishe nyuma, acha nyuzi ndefu uzifunge kwa mkono. Na ile sindano iweke pembeni iwe ya karatasi tu, maana karatasi inaifanya butu na ukiirudisha kwenye nguo ya mteja itavuta nyuzi. Nimeshalipa blauzi ya watu kwa uzembe huo.

Katika kusoma, ukurasa wa kwanza nausoma kwa sauti yangu ya kawaida, kisha nashuka kidogo kila ninapofunua, mpaka wa mwisho nanong'ona. Siwaulizi "bata yuko wapi?" kwa sababu swali linamkalisha mtoto kitako. Na sirudii kosa la kuruka kurasa nikiwa na haraka. "Baba, umeruka bata," mkubwa aliniambia, macho yamefumba kabisa nikidhani kalala. Kitabu hichohicho tunakisoma hata wiki tatu. Mimi ndiye ninayekinai, wao hapana.

Taa ikizimwa, wimbo. Huu nilifundishwa na cherehani. Mdogo alipokuwa mchanga nilikuwa nikikunja mashuka, mshono mrefu ulionyooka, miguu inakanyaga mfululizo, anasinzia palepale. Nikishika kola au zipu, kazi ya kwenda na kusimama, anafumbua macho. Nikaelewa kwamba kinachomlaza ni mwendo usiokatika. Kwa hiyo nikatunga mishororo ya mizani nane nane, iende sawasawa kama pindo la shuka:

Kuku kalala bandani,
paka kalala jikoni,
ngalawa zi bandarini,
mama yuaja kukicha.

Tunga wa kwenu kwa vitu ambavyo mtoto anavijua, kila kimoja kikiwa mahali pake. Ila usimdanganye. Mwanzoni niliimba kwamba mama anakuja sasa hivi. Mkubwa akaamka, akakaa akikodolea mlango. Nilipoweka "kukicha" akalala, kwa sababu kukicha mama kweli anafika.

Kila mshororo uwe pumzi moja. Mzunguko wa kwanza nakwenda na kasi ya mtoto, kama bado anarusha miguu naimba harakaharaka kidogo, kisha kila nikirudi mwanzo napunguza. Wa tano au wa sita nafunga mdomo, unabaki mvumo tu. Mdogo ananilalia kifuani, nadhani anausikia kwa shavu kuliko kwa sikio. Akishalegea namlaza chali, bila mto.

Nikiwa na mafua naazima muziki wa simu. Taarabu ya kisasa hapana, mabega ya mkubwa hayawezi kutulia. Tafuta bashrafu, ile ya kufungulia taarabu asilia ya Zanzibar, ala tupu bila mwimbaji, au taksimu, yaani upigaji wa papo kwa papo, ya udi peke yake, ile ala ya nyuzi. Pakua kabisa, weka simu kwenye hali ya ndege na uilaze kifudifudi. Mimi nilicheza moja kwa moja mtandaoni, na katikati ya udi likafumuka tangazo la kubeti kwa sauti ya mnada. Tulianza upya saa nne. Simu naiacha juu ya cherehani, upande wa pili wa chumba, sauti ndogo kiasi kwamba mnong'ono wangu unasikika juu yake.

Mtaani kukiwa na harusi na spika za singeli, usishindane nazo. Nafunga dirisha, nawasha feni, namgusa mdogo mgongoni taratibu. Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, basi mimi nagusa mara moja kwa kila manne. Ajabu analala.

Usiku ambao mama yupo, mkubwa anataka mshororo wa mwisho ubadilishwe: "mama kalala pembeni". Nikifika hapo nikigeuka, kweli, muuguzi wetu kalala kabla ya watoto, kiatu kimoja bado kiko mguuni.