Pesa ya Supra huna? Namna ya kuchagua gari la spoti la mtumba ukiwa Tanga

Nauza spea za magari Ngamiani. Vijana wanaoingia dukani kutafuta plagi au bushi, wakishalipa, hutoa simu na kunionyesha picha: Toyota Supra ya miaka ya 1990, au Nissan Skyline GT-R R34. Kisha linakuja swali. "Mama, hii mpaka ifike hapa Tanga ni kama shilingi ngapi?"

Huwa nawaambia wasilisubiri gari hilo lishuke bei. Supra ile ya JZA80 iliundwa kuanzia 1993 hadi 2002, na R34 GT-R kuanzia 1999 hadi 2002. Marekani inaruhusu gari ambalo halikutengenezwa kwa soko lake kuingia nchini likishatimiza miaka 25, kwa hiyo Wamarekani walianza kuzibeba Supra za kwanza 2018, na R34 zikafunguliwa mlango 2024. Kwenye mnada wa Japani unapigana bei na mtu mwenye dola anayelitaka gari hilo tangu utotoni. Hapo hatuna ubavu.

Lakini ukiligawanya gari la ndoto vipande, utagundua hulipendi lote. Kuna kitu kimoja au viwili ndani yake vinavyokunyima usingizi, na vitu hivyo vimefungwa pia kwenye magari ambayo yanapita hapa Barabara ya 12 kila siku bila mtu kugeuza shingo. Kabla hujaongea na dalali yeyote, kaa chini ujijibu: unapenda sauti? Unapenda gari linalosukumwa na tairi za nyuma? Unapenda mvuto wa tabo? Au unapenda tu umbo? Jibu hilo ndilo litakalokuchagulia gari.

Kama ni sauti na tairi za nyuma

Supra ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na muungurumo wake laini unatoka hapo. Mark II GX 110 ina mpangilio huohuo: injini ya 1G-FE, silinda sita za mstari, cc 1,988, inasukuma nyuma. Nguvu yake ni farasi 160, haitakubandika kwenye kiti, lakini ipeleke kwenye lami iliyonyooka baada ya Pongwe, vuta gia ya pili hadi juu na ufungue kioo. Utaelewa ninachosema. Injini hiyohiyo imo kwenye Toyota Altezza AS200, na humo ilitoka pia na manyuo ya gia sita. Mimi naendesha hiyo, na sijawahi kuitamani nyingine ninapokuwa njiani kwenda Muheza.

Altezza ina sura ya pili, RS200, yenye injini ya 3S-GE ya silinda nne. Ile ya manyuo inatoa farasi 210 bila tabo, na inapenda mzunguko wa juu. Ni gari zuri sana kwa mtu anayejua kubadilisha gia. Ujue tu kwamba ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu, wakati 1G-FE inaridhika na petroli ya kawaida. Kwa mtu anayehesabu mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei, hilo ni jambo.

Sasa tahadhari, maana hapa ndipo watu wanapoumizwa. Dalali atakwambia, "Mkubwa, hii Mark II ni 1JZ, ndugu yake Supra." Fungua boneti. Zipo injini za 1JZ za aina tofauti. Inayotafutwa ni 1JZ-GTE, yenye tabo, cc 2,492, farasi 280, iliyofungwa kwenye Mark II iR-V na Verossa VR25. Lakini nyingi zinazouzwa kwa jina la 1JZ ni 1JZ-FSE, na kwenye mfuniko wa injini utakuta imeandikwa D-4. Hiyo haina tabo, inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na pampu yake ya presha ikifa utaijua bei yake dukani kwangu. Si gari baya kwa safari. Ila usilipe bei ya GTE ukapewa FSE.

Kama ni mzunguko wa juu

Hili ndilo gari ninalolitetea kuliko yote kwa mwenye mfuko mdogo: Corolla RunX, toleo la Z. Watu wanaiona RunX ni gari la kupeleka watoto shule, na nyingi ni hivyo, zina 1NZ ya cc 1,500. Lakini toleo la Z lina 2ZZ-GE, cc 1,800 kasoro kidogo, farasi 190, na liliwahi kutoka na manyuo ya gia sita. Injini hii ndiyo ile Lotus ya Uingereza waliyoiweka kwenye Elise. Ikivuka mizunguko 6,000 na ushei kwa dakika inabadilisha namna ya kufungua valvu, na sauti inageuka ghafla, kali, kama gari jingine limeingia barabarani.

Namna ya kuitambua: tafuta kibati cha chesi ndani ya boneti. ZZE123 ndiyo yenyewe. ZZE122 ina 1ZZ, NZE121 ina 1NZ. Mtu anaweza kubandika nembo ya Z nyuma ya gari lolote, kibati hakibandikwi. Na unapoijaribu, hakikisha ule mgeuko wa sauti unakuja injini ikiwa imeshapata moto. Usipokuja, boliti za mfumo wake wa valvu huenda zimelika, jambo linalojulikana kwenye zile za mwanzo. Toyota Celica ya 1999 hadi 2006 ina injini hizihizi mbili, 1ZZ na 2ZZ, kwa hiyo mpenda umbo anaweza kwenda huko. Ila 1ZZ za awali zina tabia ya kula oili. Chungulia ekzosi uone kama kuna moshi wa bluu.

Kama ni tabo

Forester SG5 ya tabo, cc 1,994, farasi 220, inavuta tairi zote nne. Kwa njia zetu za vumbi na mvua za masika ina akili kuliko gari lolote nililolitaja, na haikwaruzi tumbo kwenye matuta. Injini yake imelala, silinda mbili kulia na mbili kushoto, kwa hiyo kubadili plagi tu fundi anabanana na bodi. Usiinunue kabla hujampata fundi anayeijua Subaru. Hapa mjini mafundi wa Toyota utawakuta kila kona, wa Subaru unawatafuta kwa majina.

Mazda RX-8 niseme mara moja. Ni nzuri, ni rahisi kununua, na ushauri wangu ni uiache. Haina pistoni, ina rota, inachoma oili kwa jinsi ilivyoundwa, na kuipima mgandamizo kunahitaji kipimo chake maalumu. Joto la Tanga halitaihurumia.

Uagize Japani au ununue lililopo?

Magari yote haya yameshapita miaka 10, na hapo kodi inauma. Tuchukue gari ambalo thamani yake pamoja na meli na bima ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi cc 2,000 ni asilimia 5 ya thamani na ushuru huo kwa pamoja (12,500,000), yaani 625,000. Ule wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10 ni asilimia 30 ya jumla hiyohiyo, yaani 3,750,000. Juu ya yote hayo VAT asilimia 18, ambayo ni 3,037,500. Umefika 9,912,500 kabla ya tozo ndogondogo na usajili. Gari limejizaa. Ukivuka cc 2,000, ule ushuru wa asilimia 5 unakuwa 10, ndiyo maana nasisitiza 1G, 3S na 2ZZ. Tena TRA wana makadirio yao ya thamani, hawalazimiki kuifuata risiti yako. Ingia kwenye kikokotoo chao mtandaoni kwanza, na uangalie upya kila Julai bajeti mpya inapoanza.

Kwa hesabu hiyo, mimi naona bora ununue lililokwishalipiwa, lenye namba ya usajili ya herufi C au D na mmiliki anayejulikana. Ukiamua kuagiza, dai karatasi ya mnada. Alama ya R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. W ni sehemu iliyonyooshwa, S ni kutu, C ni kutu iliyokula. Gari la Hokkaido, kaskazini mwa Japani, limetembea kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi, na likija kumalizia maisha Tanga linakutana na chumvi nyingine.

Siku ya kuliangalia

Chumvi hiyo ndiyo naianza nayo. Gari lililolala miaka Raskazoni au Sahare, upepo wa bahari ukilipiga usiku kucha, juu linang'aa na chini linaliwa. Lala chini na tochi. Tazama sehemu za kupigia jeki, pale bati linapokunjwa mara mbili. Bonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa bisibisi. Bati zima linarudisha sauti. Lililooza linamung'unyika, au bisibisi inazama kwenye puti laini iliyopakwa wiki iliyopita. Nenda kwenye buti, toa tairi ya akiba, pangusa maji yaliyotuama. Inua zulia la dereva ulinuse. Chukua sumaku ndogo ya spika mbovu uipitishe juu ya tairi za nyuma: isiposhika, chini kuna puti, si bati. Injini naweza kukupatia nyingine ya mtumba, bodi iliyooza siwezi.

Fika asubuhi, muuzaji hajaliwasha. Weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, muulize amelipasha kwa nini, halafu rudi kesho. Fungua mfuniko wa oili uangalie kama kuna utando mweupe kama maziwa, na mfuniko wa rejeta kabla injini haijapata moto. Liwashe, lisikilize, kisha liache lingurume na AC ikiwa wazi dakika 20. Gari la kuchemsha litajisema lenyewe kwenye joto letu, na feni isiyofanya kazi utaigundua hapo.

Halafu endesha. Kutoka Kange toka nje kuelekea Pongwe, upate matuta, rasta na lami ndefu. Kwenye matuta sikiliza shokapu na boljointi. Ukifika pasipo na magari, achia usukani kidogo uone linavutia wapi. Zile zilizokatwa springi ili zikae chini uzikimbie. Aliyezikata hakuwa akilitunza gari. Mjini usijaribu mwendo. Tanga ni mji wa baiskeli, wanakatiza kutoka barabara za ndani za Ngamiani bila kutazama, na kwenye makazi mwisho ni 50.

Tairi zisome. Tarakimu nne ubavuni, kwa mfano 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi yenye kashata nzuri lakini imekauka kwa umri haifai gari la tairi za nyuma siku ya mvua.

Uliza mkanda wa taimingi umebadilishwa lini. 1G, 3S, 1JZ na injini za Subaru hizi zinatumia mkanda, na hesabu yake ni kila kilomita 100,000. Kwa 3S ya Altezza na kwa Subaru, ukikatika unapinda valvu. Asiyekuwa na risiti, chukulia haujabadilishwa na umpunguzie bei kwa hilo. 2ZZ inatumia cheni.

Karatasi nitazipitia kwa ufupi kwa sababu hazina mjadala. Kadi halisi, jina la anayekuuzia liwe ndilo lililo kwenye kadi, namba ya chesi na ya injini zifanane na zilizopigwa kwenye chuma. Injini ikiwa imebadilishwa na kadi haijarekebishwa, mwenye gari arekebishe kwanza. Angalia madeni ya faini za trafiki na ya maegesho kwa namba ya gari. Mkataba usainiwe kwa wakili, na uhamishe umiliki TRA mapema, usitembelee jina la mtu.

Na usimalize pesa yote kwenye kununua. Mwanangu, ukiwa na milioni 16, tafuta gari la 12. Zile nne zinakwenda kwa fundi wiki ya kwanza: mkanda wa taimingi pamoja na pampu ya maji, maana zinafunguliwa pamoja, kisha oili ya injini na ya giaboksi, kulenti mpya badala ya maji ya bomba, filta zote, breki padi, na bushi za mikono ya mbele. Rimu kubwa na ekzosi ya kelele ziache kwanza. Endesha hivyo miezi mitatu, ukiandika kila unapojaza mafuta na kila oili inaposhuka kwenye kijiti. Ikishuka zaidi ya lita moja kila kilomita 1,000, njoo tuzungumze kuhusu ringi za pistoni kabla hujanunua kitu kingine chochote.