Jinsi ya kupanga kozi za chuo kwa ajili ya mikopo ya serikali

Niko dawati la mikopo la chuo kimoja hapa Iringa. Msimu wa maombi ukikaribia, kazi inayoninyima usingizi ni kuweka kila kozi mahali pake, yaani kwenye kundi lake la vipaumbele vya mkopo, kabla orodha haijakwenda Bodi ya Mikopo. Kozi ikikaa pasipo pake, anayekosa bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, ni mtoto wa mkulima wa viazi kule Makete.

1. Anza na ngazi, jina baadaye. Shahada za vyuo vikuu zitafute kwenye orodha ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), stashahada za ufundi kwenye ile ya NACTVET (baraza la taifa la elimu ya ufundi). Isiyo na ithibati iweke kando. Usichanganye ngazi: stashahada zilianza kukopeshwa mwaka wa masomo 2023/24, tena kwa fani zilizochaguliwa, kama afya, uhandisi na kilimo.

2. Fungua mtaala, uhesabu krediti. Hapa usikimbie. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na mwaka mmoja wa shahada hubeba krediti 120. Chora safu tatu: masomo ya lazima, ya hiari, mafunzo kwa vitendo. Ya lazima ndiyo yanayosema ukweli. Chukulia kozi yenye neno "mazingira": ukikuta krediti 70 kati ya 120 ni kemia, baiolojia na maabara, hiyo ni sayansi. Ukikuta sera, sheria na utawala vimejaa, ni sayansi ya jamii, hata kama mkuu wa idara anatamani iwe vingine. Ualimu nao uangalie vizuri. Mwalimu wa fizikia na wa historia wote watashika chaki, ila kwenye vipaumbele vya mkopo hawapangwi pamoja.

3. Linganisha na mwongozo wa Bodi wa mwaka huohuo. Wa mwaka jana ufunge.

4. Nakili jina kama lilivyosajiliwa, neno kwa neno. Katika ofisi moja niliyopitia, kozi ya ualimu wa hisabati iliandikwa kwa kifupi, "Elimu", ikaangukia sanaa. Binti mmoja wa Kilolo alikuja dirishani, barua ya udahili kaikunja mara nne, akauliza mbona jina lake halimo awamu ya kwanza ya mikopo. Sikuwa na jibu. Kusahihisha kulichukua wiki tatu, na chumba alikuwa amepanga kwa deni.

5. Kabla ya kutuma, bandika orodha ubaoni siku mbili. Wanafunzi huliona kosa mapema kuliko sisi, maana masomo hayo wanayasoma wao.