Kabla hujarukia ukuta wowote Kigoma

Kwanza elewa mchezo huu umetoka wapi. Parkuri, yaani mchezo wa kukimbia, kuruka na kupanda kuta na vizuizi vingine, ilikulia Lisses, mji mdogo kusini mwa Paris, ambako David Belle na wenzake walikuwa na kuta za zege za kutosha. Kundi lao la mwanzo lilijiita Yamakasi, na sisi tuliokua tukisikiliza muziki wa ng'ambo ya ziwa tunajua hicho ni Kilingala, kinahusu mtu mwenye nguvu. Walijifunzia kwenye zege. Kuta zetu nyingi hazikujengwa hivyo, kwa hiyo usiangalie video tu ukatoka mbio.

Viatu viwe na soli bapa, kamba uzichomeke ndani. Beba maji. Nenda asubuhi, jua halijawa kali. Usiende peke yako.

Omba ruhusa. Uwanja wa shule hata ukiwa wazi una mwenyewe, muone mwalimu mkuu. Mtaani jitambulishe kwa mwenyekiti. Vijana watatu wakionekana juu ya ukuta saa moja jioni wataitiwa mwizi, na watu wakishatoka na fimbo hakuna wa kukusikiliza. Jengo la stesheni ya reli, lile la enzi za Wajerumani, litazame kwa macho tu.

Mchanga wa Kibirizi unafaa kujifunza kubiringika: unaanzia bega moja, unapita mgongoni kwa mshazari, unamalizia nyonga ya upande wa pili. Usipitishe uti wa mgongo wala kichwa. Ila chambua mchanga kwa mkono kwanza, kuna vipande vya chupa na ndoana, na kaa mbali na walikoanika dagaa. Yule mama ameamka alfajiri kwa ajili ya dagaa hao. Kutua, jifunzie kwenye ardhi ngumu, kutoka kimo cha goti, kwa mbele ya unyayo, magoti yakiwa yamekunjwa. Mchanga unameza makosa, hutajua kama umetua vibaya.

Sasa ukuta. Hapa nisikilize vizuri.

Kule Gungu kulikuwa na pagale tulilolipenda. Ukuta wake ulifika usawa wa kidevu changu, tofali za kuchoma, upande mmoja umepigwa lipu safi. Mwenyewe alituruhusu. Nikaupiga teke, ukatulia. Nikapanda mara mbili, ukatulia. Nikamwambia mdogo wangu, haya, zamu yako. Alikimbia, akaruka, akashika juu kwa mikono miwili, na safu ya juu yote ikamfuata. Tofali nne. Alianguka chali akaweka mkono nyuma kujizuia, nikasikia kifundo kikilia. Alifungwa piopii wiki sita, mkono wa kulia, naye ni fundi cherehani.

Niliporudi kuangalia, nikaelewa. Tofali ziliunganishwa kwa udongo, hakukuwa na saruji katikati. Lipu ya nje ndiyo iliyonidanganya. Pagale halina bati, mvua inaingia kwa juu moja kwa moja, na masika mawili yalishakula ule udongo. Niliingiza kidole kwenye kiungo kikazama hadi kwenye pingili ya pili. Teke langu nililipiga chini, wakati mikono inavuta juu. Ukuta ule niliuchagua mimi, na mama alinihoji mimi.

Basi fanya hivi. Zunguka upande usio na lipu. Kwangua kiungo kwa msumari: ukitoka unga mwekundu, ondoka. Gonga lipu kwa ngumi, ikilia kama debe imeachia. Shika tofali la juu kabisa ulitikise kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama chini, moja baada ya jingine, mahali pote mikono itakapofika. Usipopata ukuta wa kuaminika, tumia kingo za mitaro ya zege iliyokauka. Kurukia ukingo mwembamba ulio sentimita 30 kutoka chini na kutulia hapo ni kazi tosha kwa miezi yako ya mwanzo.

Kwenye mapagale angalia pia nyigu, nyoka na nondo zilizochomoza. Miguu ikianza kutetemeka, acha, rudi kesho. Na mvua za Novemba zikianza, kagua kila mahali upya, hata ukuta uliouzoea.