Tangi la samaki wa maji chumvi: usianze na dogo mno

Wengi hudhani tangi la lita 20 ndilo rahisi kwa anayeanza. Ni kinyume: maji yakiwa machache, chumvi na joto hubadilika upesi. Chukua la lita 80 hivi. Maji yakipungua kwa mvuke chumvi hubaki, kwa hiyo jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini. Samaki wasubiri mpaka bakteria wanaovunja uchafu wakomae na vipimo vya amonia na nitraiti (sumu zitokanazo na uchafu huo) visome sifuri, mara nyingi wiki 4 hadi 6. (Subira hapo ilinishinda, nikapoteza samaki.) Kisha anza na klaunifishi (samaki wadogo wenye milia) wawili waliozalishwa matangini, pamoja na konokono wanaokula mwani. Samaki aitwaye kangaja, hata akiuzwa mdogo kama kidole, mwache. Akikua atataka nafasi kubwa ya kuogelea.