Itafute leseni kabla hujafungua kinywa

Hapa California siketi kwenye kiti cha daktari wa meno kabla sijaitafuta leseni yake. Ingia tovuti ya bodi ya meno ya jimbo, andika jina lake, ni bure. Ukiona leseni iko hai, usiishie hapo. Shuka chini usome kama amewahi kuadhibiwa, na kwa kosa gani. Leseni huhuishwa kila miaka 2, na daktari lazima awe na saa 50 za mafunzo ya kujiendeleza. (Wasafisha meno wana bodi yao.)

Ukiumizwa, omba kwanza nakala ya faili lako na picha za eksirei, ndipo upeleke malalamiko kwa maandishi. Mimi nilichelewa kuomba, nikahangaika sana. Bodi inaweza kusimamisha au kufuta leseni. Ugomvi wa bei si kazi yake.