Jinsi ya kubishania uamuzi wa refa na VAR kwa hoja inayosimama

Tarehe 5 Aprili 2024, uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria. Aziz Ki wa Yanga anapiga shuti, mpira unagonga mtambaa panya, unadundia kwenye mstari wa goli la Mamelodi Sundowns na kurudi nje. VAR, yaani waamuzi wanaotazama marudio ya video, inaangalia, goli halitolewi. Robo fainali hiyo ya Ligi ya Mabingwa Afrika inaisha 0-0 kama ilivyoisha Dar es Salaam, na Sundowns wanapita kwa matuta 3-2. Bao hilo bado linabishaniwa, na mara nyingi mabishano hayafiki popote kwa sababu kila mtu anajibu swali lake peke yake.

Kwa hiyo kabla ya lolote, tenganisha maswali mawili. La kwanza: uamuzi ulikuwa sahihi? La pili: VAR iliruhusiwa kuugusa? Itifaki iliyoingizwa kwenye Sheria za Mchezo mwaka 2018 iliipa VAR milango minne tu: goli au si goli, penalti au si penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji aliyeadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Hata ndani ya milango hiyo, refa hubadilishiwa uamuzi pale tu alipofanya kosa la wazi na dhahiri, au tukio zito lilipompita bila kuliona. Rafu ambayo watu sita kati ya kumi wanaiona penalti na wanne hawaioni, hubaki vile refa alivyoamua uwanjani. Ndiyo maana unaweza kusema "refa kakosea, na VAR ilifanya sawa kunyamaza" bila kujipinga. Ukilielewa hili, nusu ya ugomvi wa kijiweni imekwisha.

Kisha jiulize kama jambo ni la kipimo au la maoni. Mpira umevuka mstari, mchezaji kaotea, rafu ilikuwa ndani ya 18 au nje: hivyo ni vipimo, na kwa kawaida VAR humpa refa jibu kwa sikio bila kumwita kwenye skrini. Ukali wa rafu na kunawa mpira ni maoni, na hapo ndipo refa huitwa akajionee. Basi anayelalamika kwamba refa wa Pretoria hakwenda kwenye skrini ameshika hoja dhaifu. Na hapa kuna kosa linalorudiwa kila wiki: kutumia marudio ya polepole kuthibitisha ukali wa rafu. Itifaki inataka polepole itumike kuona mguu uligusa wapi, au mkono ulikuwa wapi. Ukali na nia hutazamwa kwa mwendo wa kawaida, kwa sababu ukipunguza kasi, kila mguu unaonekana umekusudia.

Sasa mstari wa goli, ambao ndio unaosumbua zaidi. Mzingo wa mpira ni sentimita 68 hadi 70, yaani upana wake ni kama sentimita 22. Mstari hauzidi sentimita 12 na unalingana na unene wa nguzo. Sheria inataka mpira mzima uvuke mstari mzima. Mpira ukidundia chini, unagusa nyasi kwa ncha ya tumbo lake tu. Ukiona nyasi kati ya mstari na pale ulipogusa, hata sentimita 10, tumbo bado linaning'inia juu ya mstari na si goli. Kipimo hicho hicho ndicho huamua kama mpira umetoka nje, kama Japani dhidi ya Hispania, 1 Desemba 2022: picha za pembeni zilionyesha mpira aliourudisha Mitoma wa Japani ulikuwa umetoka, picha ya kutoka juu ikaonyesha ukingo wake bado uko juu ya chaki, na bao ambalo mwenzake Tanaka alilifunga kwa mpira huo likasimama.

Kwa hiyo mtu akikuletea picha ya simu, muulize kwanza kamera ilikuwa wapi. Inayofaa ni iliyo sambamba na mstari, au juu yake kabisa. Kamera iliyoko juu upande wa katikati ya uwanja huufanya mpira ulio hewani uonekane umeingia zaidi ya ulivyo; iliyoko nyuma ya goli hufanya kinyume.

Kwa kuotea, angalia wakati wa picha. Kamera inayochukua picha 50 kwa sekunde inaacha sekunde 0.02 kati ya picha na picha. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde husogea sentimita 16 katika nafasi hiyo, na kama beki anakimbia kumkabili, pengo huongezeka. Picha iliyosimamishwa kwa kidole kwenye simu haithibitishi kuotea kwa ncha ya kiatu. Kumbuka pia kwamba mkono hauhesabiwi, hata wa kipa, na mkono huanzia chini ya kwapa. Aliye sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea.

Tumia sheria ya siku ya mechi. Msimu wa 2019/20, mpira ukimgusa mshambuliaji mkononi kwa bahati mbaya, kisha mwenzake akafunga papo hapo, goli lilikataliwa. Tangu 2021/22 goli hilo ni halali. Hukataliwa kama mkono ni wa mfungaji mwenyewe.

Halafu kuna mchezo kuanza tena. Tottenham na Liverpool, 30 Septemba 2023: VAR ilidhani uwanjani goli la Luis Díaz wa Liverpool limekubaliwa, kumbe lilikuwa limekataliwa kwa kuotea, ikathibitisha "uamuzi" na mpira ukaendelea. Walipogundua, haikuwezekana kurudi nyuma. Baada ya mchezo kuanza tena, mlango hubaki wazi kwa kadi iliyokwenda kwa mtu asiye mwenyewe, na kwa makosa ya kadi nyekundu kama vurugu, kutema mate au kuuma.

Turudi kwa Aziz Ki. Ukisema refa kanunuliwa umeufunga mjadala, maana video ya shuti haiwezi kuthibitisha hilo. Hoja nzito ya Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, iko kwingine: mashindano makubwa kuliko yote ya klabu Afrika yalifika robo fainali bila teknolojia ya mstari wa goli, VAR ikaachwa ikisie sentimita chache kwa kamera za kawaida. Hoja hiyo inamhusu mwandaaji wa mashindano, na hata shabiki wa Sundowns hana jinsi ya kuikataa.